Aliyetajwa Mara Tatu

Mushaki, tarehe 4 Mei 1953

Kwa Evode, mpiga inanga,
kijijini Buleusa, Territoire ya Walikale

Ndugu yangu mpendwa,

Kwa unyenyekevu usio na unafiki, nachukua kalamu kukuarifu kwamba ombi la tatu juu ya kurudishwa kwako nyumbani limekwisha kuandikwa, kusahihishwa mara mbili na kunakiliwa kwa wino mweusi, kwa kuwa wino wa buluu haupendezi machoni pa wakubwa. Nililipeleka mwenyewe kwa miguu hadi ofisini, nikalikabidhi mikononi mwa karani Gustave, ambaye alilipokea kwa vidole viwili kana kwamba ni samaki.

Katika ombi hilo nimepanga hoja nne. Ya kwanza, kwamba wewe ndiwe mpiga inanga, kinanda chetu cha nyuzi, maarufu kuliko wote kutoka Sake hadi Masisi, na kwamba hakuna arusi ya mtu wa maana iliyofungwa huku bila wimbo wako. Ya pili, kwamba umehamishiwa Walikale kwa amri ya miaka mitano kwa tuhuma tu, kwamba eti wewe ni mtu wa Kanyamibwa na kundi lake lililokuwa likiiba dhahabu ya mgodi wa karibu na Kalembe. Ya tatu, kwamba Kanyamibwa mwenyewe amevuka mpaka na hajaonekana tangu wakati ule, na si haki mwenye kupiga muziki alipe deni la mwenye kucheza. Ya nne ilimhusu mama yako, nami nilipoiandika ilinibidi niweke kalamu chini kwa muda.

Mama Nyiramana hajambo. Kila Jumapili baada ya misa ananiletea kibuyu cha maziwa ya yule ng'ombe mweusi mwenye baka jeupe uliyemwachia. Husema, "Mwandishi hawezi kuandika na tumbo kavu." Nayapokea, maana kuyakataa kungeonekana dharau. Kisha huketi na kuuliza, "Barua inasema mtoto wangu anarudi lini?" Namjibu kwamba mambo ya ofisi yana mwendo wake.

Nakuarifu pia kwamba jina langu limependekezwa kwa ajili ya Kadi ya Mérite Civique, ambayo serikali humpa Mwafrika inayemhesabu kuwa mstaarabu. Tume itakuja nyumbani kwangu kutazama kama ninakula kwa uma. Nimenunua uma nne.

Sasa ninahitaji jibu moja ambalo ninaweza kuliambatisha: je, uliwahi kuketi meza moja na Kanyamibwa? Jibu kwa ufupi, ndiyo au hapana.

Ndimi, kwa heshima zote zinazostahili,
Théogène
Mwandishi wa maombi, aliyejifundisha mwenyewe


Buleusa, 2 Juni 1953

Kaka Théogène,

Ni mimi Evode njo nasema, na Papa Benoît, katekista wa huku, njo anaandika. Amenikataza kusema mbio.

Barua yako ilifika na muntu wa kuuza chumvi. Tuliisoma mara mbili, mara ya kwanza kwa kusikia, mara ya pili kwa kuelewa. Batu wa hapa walikuja kusikiliza pia. Wanasema wewe iko muntu mukubwa. Mimi nikawaambia umelala na ile kitabu ya mifano ya barua chini ya kichwa toka ujana.

Unauliza kama nilikaa meza moja na Kanyamibwa. Kaka, kwa arusi ya binti yake, kule Kalembe, hakukuwa meza, kulikuwa majani ya ndizi. Lakini wewe unajua kazi yangu. Muntu anaweka kitu mbele ya inanga, mimi naweka jina yake ndani ya wimbo. Akileta kuku, anapata jina. Akileta kitambaa, anapata jina na jina ya baba yake. Siulizi kuku ilitoka wapi. Nimeimba daktari wa ng'ombe, nimeimba mupishi wa mapadiri, nimeimba mpaka imbwa ya chifu, kwa sababu chifu mwenyewe alilipa. Kama kila mwenye nilimuimba iko rafiki yangu, basi ile imbwa pia.

Siku ya kesi Bwana Administrateur, mukubwa wa serikali kule Masisi, alisoma karatasi moja mbele yangu, karatasi ya majina. Ilikuwa na maneno mazuri sana. Niliisikiliza vizuri, sikio yangu haisahau. Wewe unayejua makaratasi, uliwahi kuiona ile?

Inanga yangu ilibaki ofisini, wanasema ni ushahidi. Huku wananiomba niimbe na mikono mitupu, nakataa. Nalima. Kuna mama mumoja, Hélène, mume wake iko kifungoni. Namusaidia shamba yake ya mihogo.

Mwambie Mama asitembee na maziwa kwenye mvua.

Evode
(alama ya kidole chake, mimi Benoît nimeshuhudia)


Masisi, 10 Agosti 1953

Kwa Théogène wa Mushaki

Ombi lako limesomwa. Bwana Administrateur anakujulisha yafuatayo.

Evode hakuhamishwa kwa uvumi. Katika faili kuna barua iliyopigwa kwa mashine, ikiomba kwa jina lake ruhusa ya kwenda kupiga muziki Goma, yenye orodha ya majina kumi na tisa ya watu waliokuwapo Kalembe siku dhahabu ilipopita. Kanyamibwa na watu wake watatu wameandikwa humo kuwa "marafiki wapenzi na wadhamini" wa Evode. Barua ina alama ya kidole cha Evode. Aliyeitunga hakuweka jina lake.

Ofisi haitaliangalia jambo hili tena, isipokuwa mtungaji wa orodha ajitokeze na kueleza aliipataje.

Kwa amri,
Gustave, karani


Mushaki, tarehe 30 Agosti 1953

Ndugu yangu mpendwa Evode,

Kwa unyenyekevu usio na unafiki, nakuarifu kwamba jibu la ofisi limefika. Kwa muhtasari, ombi halikukubaliwa, si kwa ubaya wa hoja bali kwa kukosekana kwa shahidi mmoja ambaye ofisi inamhitaji, na ambaye kwa sasa hapatikani. Nisingependa kuliandika jina lake. Ni mtu anayeheshimiwa, mwenye mengi ya kupoteza, na nadhani anaogopa.

Kuhusu karatasi uliyoniuliza, karatasi za ofisini ni nyingi, na mtu asiyekuwa karani hawezi kuzijua zote.

Tarehe 23 ya mwezi huu nilikabidhiwa Kadi ya Mérite Civique mbele ya watu wote. Tume iliridhika na uma. Bwana Administrateur alinishika mkono akasema, "Huyu ni mtu ambaye maandishi yake yanaaminika." Watu wakapiga makofi. Mama yako alikuwa mstari wa mbele, naye alipiga makofi kuliko wote. Baadaye alinishika mkono kwa mikono yake miwili, akaniambia, "Sasa watakusikiliza. Sasa atarudi."

Sijalala vizuri tangu siku hiyo. Huenda ni baridi ya mlimani.

Uwe na subira.

Théogène
Mwenye Kadi ya Mérite Civique


Buleusa, 11 Oktoba 1953

Kaka Théogène,

Tumefurahi na kadi yako. Papa Benoît amewasomea batu kanisani, nyuma ya matangazo ya ndoa.

Lakini huyo shahidi, anaogopa nini? Kama ni njia, tutatuma batu wamubebe mabegani kwa kiti ya kipoyi. Kama ni njaa, tutamupikia. Kama ni haya, mwambie haya haiue muntu. Mimi nimekaa nayo mwaka na nusu, tunakula mihogo pamoja, na bado niko muzima.

Mvua iko mingi. Shamba ya Hélène imekubali. Anauliza kwa nini namulimia na sitaki kulipwa. Nimemwambia mikono yangu haina kazi ingine.

Hapana kuchoka, kaka. Mimi sikuchoki wewe.

Evode
(alama ya kidole)

Bwana Théogène, mimi Benoît naongeza haya kwa ajili yangu, na sitamsomea. Maneno yako "kwa unyenyekevu usio na unafiki" nimeyanakili ili niyatumie katika barua zangu kwa mapadiri. Nilipoyasoma kwa sauti mara ya kwanza, Papa Evode alicheka, kisha akasukuma sahani ya ugali pembeni. Alisema aliyasikia hayohayo siku ya kesi, mwanzoni mwa ile karatasi ya majina. Nikamwambia labda ni maneno ya serikali. Akasema hapana, ni maneno ya mtu mmoja tu. Je, kuna kitabu ambamo naweza kupata mengine kama hayo?

Benoît, katekista


Mushaki, tarehe 6 Januari 1954

Ndugu Evode,

Barua yako imekaa mezani pangu karibu miezi mitatu. Nimeanza kuijibu mara saba. Mara zote saba nilianza kwa maneno uyajuayo, na mara zote saba mkono ulisimama hapo.

Shahidi asiyepatikana ni mimi.

Nitaeleza kwa utaratibu, maana sijui njia nyingine. Uliponiomba nikuandikie ruhusa ya kwenda Goma, nilifungua kitabu changu cha mifano ya barua. Mfano ulidai majina ya watu wanaomjua mwombaji na wanaoweza kumdhamini. Nilipaswa kukuuliza wewe. Sikukuuliza, kwa sababu mwandishi anayeuliza huonekana hajui. Badala yake nilikufuata Kalembe, kwenye arusi ile, nikaketi nyuma ya wanawake waliokuwa wakimenya ndizi, na daftari magotini. Kila jina uliloliimba nililiandika. Niliwaza kwamba watu wanaoimbwa na mtu maarufu ni watu wakubwa, na kwamba wakubwa wengi kiasi hicho watamfurahisha Bwana Administrateur. Kanyamibwa ulimwimba kwa urefu, pamoja na baba yake na babu yake. Nikamweka wa kwanza.

Juu ya orodha niliandika "marafiki wapenzi na wadhamini". Katika mfano ilikuwa "watu wanaofahamiana naye". Niliona ni maneno maskini.

Niliipiga kwa mashine ya parokia, ukurasa wangu wa kwanza kuupiga kwa mashine maishani mwangu, nikaushika dirishani ili niuone vizuri. Wewe uliweka kidole bila kusomewa, ukasema, "Kaka akiandika, imeandikwa." Wiki mbili baadaye wezi walijulikana, na karatasi yangu ilikuwa tayari ofisini ikiwangojea.

Siku ya kesi nilikuwa nje, chini ya dirisha. Nilisikia ikisomwa. Nilisikia pia ulipoulizwa ni nani aliyekuandikia, nawe ukajibu, "Ni muntu wa njiani." Ningeweza kupiga hodi. Jina langu lilikuwa limeanza kunong'onwa kwa ajili ya kadi, nami nilijiambia kwamba nikibaki mtu wa kuheshimiwa nitakusaidia zaidi kwa maombi. Nimeandika maombi matatu. Yote ni mazuri. Hakuna hata moja lenye ukweli.

Maziwa ya mama yako sijawahi kuyanywa. 

Nimemwandikia Bwana Administrateur barua ya kujitaja. Imo ndani ya kitabu cha mifano, haijapelekwa. Niambie niipeleke, nami nitaipeleka.

Théogène


Buleusa, 14 Machi 1954

Kaka,

Hii naandika mimi mwenyewe. Benoît alinifundisha na makaa juu ya ubao wa mulango, toka mwaka jana. Hajui naandika nini. Mwandiko iko mubaya, vumilia.

Nilijua ni wewe toka siku ya kesi. Sikukutaja. Usifikiri ni wema. Nilifikiri, acha wanifunge kwa karatasi ya uongo, wasije kutafuta kosa yangu ya kweli.

Unaniomba ruhusa ya kupeleka barua. Sina ruhusa ya kukupa. Sikiliza kwanza.

Siku tatu mbele ya arusi Kanyamibwa alikuja kwangu. Alileta ng'ombe mweusi wa baka jeupe. Akasema, "Utapiga pale juu, mbele ya lango ya mugodi, saa sita ya mchana, na usisimame mpaka nikuambie." Niliona arusi gani inapigwa mbele ya lango ya mugodi. Nikaona pia ng'ombe. Sikuuliza.

Walinzi walikuwa wawili. Mumoja alikuwa wa Kanyamibwa. Mwingine alikuwa Paul, kijana wa huku Buleusa, mume wa Hélène. Alipenda inanga. Alikuja karibu, akaweka faranga moja, nikamupigia, jina yake bado. Akacheka kama mutoto. Kisha akakumbuka kazi, akageuka kurudi kwenye lango. Kanyamibwa akaniangalia. Nikamuita Paul ndani ya wimbo. Akasimama. Nikamuita tena, akarudi. Nikamuita mara ya tatu, akacheza. Nyuma yake walipita batu wanne na mifuko midogo. Mimi niliwaona. Yeye hakuwaona, alikuwa ananiangalia mimi.

Alipata miaka mitano. Unajua juu ya nini? Uliandika majina kumi na tisa. Unasema Kanyamibwa, Kanyamibwa. Karatasi yako ilisema nini juu ya Paul? Sikio yangu haisahau. Ilisema: "Paul, mlinzi wa lango la mgodi, rafiki wa karibu kuliko wote, aliyetajwa mara tatu." Bwana Administrateur alisoma pale mara mbili. Akamuuliza Paul, "Wewe ni rafiki wa karibu kuliko wote?" Paul akasema, "Bwana, mimi napenda muziki tu." Batu wakacheka ndani ya kesi.

Walipouliza nikae kijiji gani cha Walikale, nilisema Buleusa. Nalima shamba yake. Hélène hajui. Kila siku ananiita "Papa Evode", ananipa maji ya kunywa.

Mama hajui ng'ombe ilitoka wapi.

Kama unapeleka barua, usipeleke juu ya kunirudisha mimi. Peleka juu ya Paul. Na uweke ndani hii yangu, yote, na kidole nimeweka chini. Ukiiweka, mimi sitarudi karibuni. Ukiitoa, labda nitarudi. Ni wewe njo mwandishi.

Evode


Mushaki, tarehe 29 Machi 1954

Kwa Bwana Administrateur

Bwana,

Mtungaji wa orodha ya Evode ni mimi.

Sikuambiwa majina hayo na mtu yeyote. Niliyaandika nikiwa arusini Kalembe, nikisikiliza wimbo. Kwa desturi ya wapiga inanga wa kwetu, mwenye kutoa kitu hutajwa jina, awe anafahamika au hafahamiki. Jambo hilo nililijua tangu utotoni, wala sikuliandika, kwa kuwa lingepunguza uzuri wa barua. Maneno "marafiki wapenzi na wadhamini" ni yangu. Maneno "rafiki wa karibu kuliko wote" ni yangu. Mlinzi Paul alitajwa mara tatu, nami nikahesabu kutajwa kuwa urafiki. Alikuwa ametoa faranga moja. Hakuna ushahidi mwingine juu yake isipokuwa sentensi yangu, na sentensi hiyo si ya kweli.

Naambatisha maelezo ya Evode, yaliyoandikwa kwa mkono wake. Sikuyasahihisha. Yanamdhuru yeye mwenyewe, na ameomba yasipunguzwe.

Siombi Evode arudishwe. Naomba Paul afunguliwe.

Naambatisha pia kadi yangu, ili Bwana asipate taabu ya kuidai.

Théogène


Masisi, 5 Julai 1954

Kwa Théogène wa Mushaki

1. Hati ya kumfungua Paul imetiwa saini. Atatoka mwishoni mwa Agosti. Kampani ya mgodi haitamrudisha kazini.

2. Amri juu ya Evode inabaki. Kwa yale aliyoyakiri mwenyewe, inaongezwa miaka miwili.

3. Kuhusu ng'ombe: kampani haikupoteza ng'ombe. Ofisi haina la kusema.

4. Inanga si ushahidi tena. Imetumwa Walikale pamoja na mizigo ya posta.

5. Kadi imepokelewa. Maombi yatakayoandikwa kwa mkono wako, kwa ajili yako au ya mtu mwingine, hayatapokelewa tena katika ofisi hii.

Kwa amri,
Gustave, karani


Buleusa, 19 Septemba 1954

Kaka,

Paul alifika siku ya tano ya mwezi huu, mchana, na kitambaa kidogo cha mizigo begani. Mimi nilikuwa katika shamba yake. Niliweka jembe chini.

Akauliza, "Ni nani alilima hii?"

Nikasema ni mimi.

Akasema, "Unapanda mihogo karibu karibu kama batu wa Masisi. Huku hapana." Akainama, akaanza kung'oa moja moja, kuacha nafasi.

Nikamwambia yote, yeye anang'oa. Ng'ombe, lango, mifuko. Nikamwambia, "Ulikuwa umegeuka kurudi, nikakuita mara tatu."

Hapo akasimama. Akasema, "Mara ya kwanza nilisikia, na ningeweza kwenda. Mara ya pili miguu ilikuwa imekwisha kurudi. Ya tatu uliimba bure."

Akasema tena, "Jina yangu usiimbe tena. Hata nikifa."

Nikasema sawa.

Akaniuliza wewe ni nani, yule wa karatasi. Nikasema ni muntu wa Mushaki anayependa maneno. Akasema, "Mimi nilipenda muziki, yeye anapenda maneno, na miaka nimekula mimi."

Hélène alisikia yote kutoka mulangoni. Siku mbili hakunisalimia. Siku ya tatu aliita tukule. Sahani yangu aliiweka mbali kidogo na yao. Lakini aliweka.

Inanga ilifika, imekatika nyuzi mbili. Nimetengeneza. Batu wanakuja na kuku, wanangoja majina. Napiga bila jina hata moja. Wanasema muziki ya namna hii haina chumvi, wanarudi na kuku zao. Benoît peke yake anakaa mpaka mwisho, na yeye analala.

Umemwambia Mama?

Evode


Mushaki, tarehe 10 Novemba 1954

Evode,

Nimemwambia. Nilimsomea barua zote, zako na zangu, kuanzia ya kwanza, bila kuruka. Ilichukua mchana mzima. Nilipofika kwenye ng'ombe, alinisimamisha kwa mkono, akaangalia kibuyu alichokuwa amekileta.

Akaniuliza, "Na wewe, haya maziwa hukuyanywa?"

"Hapana, Mama. Nilikuwa nayamwaga nyuma ya nyumba."

"Miaka miwili?"

"Ndiyo, Mama."

"Nami nilikuwa nawanyima wajukuu wa dada yangu ili nikuletee wewe."

Akachukua kibuyu, akaenda zake. Jumapili tatu hakuja. Kanisani alibadilisha benchi.

Jumapili iliyopita alikuja asubuhi, kabla ya misa, akivuta yule ng'ombe kwa kamba, na ndama nyuma. Akaniambia, "Leta kalamu."

Nikamwambia ofisi haipokei tena mwandiko wangu.

"Sikukutuma ofisini. Mwandikie mtoto wangu. Na usiongeze neno lako hata moja."

Haya ndiyo maneno yake:

"Evode, nimesikia. Huyu ng'ombe si wangu, wala si wako. Ninakuja naye kwa Hélène, pamoja na ndama, maana ndama pia alinyonya maziwa yaleyale. Usitoke kunipokea njiani, huruhusiwi, na sitaki wakuongezee tena. Kaa shambani. Nikifika utanionyesha mahali ulipopanda vibaya. Mama yako."

Kwa safari isiyofika siku thelathini mtu hahitaji karatasi, hilo nimelihakikisha. Karatasi ya kumsafirisha ng'ombe iliandikwa na karani wa daktari wa mifugo. Mimi sikugusa kalamu. Nilimshikia tu ng'ombe pembe wakati anaandikwa: mweusi, baka moja jeupe, mdhamini hakuna.

Kitabu cha mifano nimekifunga kwa kitambaa, nakileta kwa Benoît. Mwambie atakapokitumia aulize kwanza.

Tunaondoka Jumatatu. Mama atatangulia na ndama, mimi nitashika kamba. Njia ya Kalembe ni ndefu kwa mguu wake, lakini amekataa kupita kwingine, anataka kuliona lango.

Paul akiuliza ni nani huyu anayeshika kamba, usinijibie. Nitamtajia jina langu mwenyewe.

Théogène